Nani alifuta "huenda"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtakwimu katika ofisi moja ya umma hapa Dar es Salaam, naishi Tabata. Nimefuatilia habari za wachambuzi wa ujasusi walioondolewa kazini Marekani mwaka 2025, inasemekana kwa sababu tathmini yao haikuwapendeza wakubwa. Najiuliza: mbunge si jasusi, na hafunguliwi kila jalada. Atajuaje kwamba tathmini imepindishwa kisiasa? Na kamati yetu ya Bunge inaliweza hilo? Nauliza pia kwa sababu zangu mwenyewe, ambazo nadhani utazielewa.

JIBU: Marahaba. Sababu zako nimezihisi, nitazifikia mwishoni. Nianze na hilo tukio la Marekani, maana lina mtego ndani yake.

Aprili 2025 Baraza la Taifa la Ujasusi la nchi hiyo liliandika tathmini kuhusu genge la Tren de Aragua la Venezuela. Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba genge hilo linaelekezwa na utawala wa Nicolás Maduro, aliyekuwa Rais wa Venezuela wakati huo, na hoja hiyo ilikuwa imetumika kuwatimua watu nchini. Wachambuzi wakaandika kwamba utawala huo yamkini hauna sera ya kushirikiana na genge hilo wala hauliongozi. Mwezi uliofuata kaimu mwenyekiti wa baraza na naibu wake wakaondolewa. Waliowaondoa walisema wanakomesha siasa ndani ya ujasusi. Waliowatetea wakasema kuwaondoa ndiyo siasa yenyewe.

Umeona? Pande mbili zinatupiana shtaka lile lile kwa neno lile lile. Mbunge anayesikiliza kauli tu hapo hatoki na kitu. Kilichowasaidia watu kupima ni karatasi: tathmini yenyewe iliwekwa wazi, na magazeti yakaripoti barua pepe ambamo msaidizi mmoja wa ngazi ya juu alitaka iandikwe upya ili isije ikatumiwa dhidi ya wakubwa.

Basi jibu langu kwa mbunge ni hili: usipoteze kikao kuuliza "mlishinikizwa?" Omba rasimu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile iliyotoka. Ziweke mezani sambamba, kisha uulize nani alifuta "huenda".

Nieleze kwa nini naling'ang'ania hilo. Kazi ya ujasusi ina mikono miwili. Mkono mmoja unakusanya: vyanzo, simu, picha. Mwingine unachambua: haya tuliyoyapata yana maana gani na tunayaamini kwa kiasi gani? Tukizungumzia Bunge kusimamia vyombo vya usalama, karibu kila mtu hufikiria mkono wa kwanza, nani alisikilizwa simu na nani alikamatwa, na ni haki kufikiria hivyo. Ila mkono wa pili ukipotoshwa nchi nzima inaweza kuingia vitani bila sheria yoyote kuvunjwa.

Kisa ninachokitumia darasani kila mwaka ni cha Iraq. Septemba 2002 maseneta wa Marekani wa kamati ya ujasusi, mwenyekiti wao akiwa Bob Graham, waligundua kwamba nchi inaelekea vitani na hakuna tathmini moja ya pamoja ya mashirika yote kuhusu silaha za Saddam Hussein. Ikulu haikuwa imeiomba. Wakaidai wao. Kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi ikafanywa kwa wiki tatu hivi, ikatoka tarehe 1 Oktoba, kurasa zaidi ya 90.

Ndani yake kulikuwa na suala la mabomba ya alumini, yenye kipenyo cha milimita 81, ambayo Iraq ilijaribu kuyanunua nje. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilisema ni ya mashine za kurutubisha urani, yaani kuelekea bomu la nyuklia. Wataalamu wa Wizara ya Nishati, ambao mashine hizo ndizo kazi yao, walisema mabomba hayo hayafai kwa shughuli hiyo na yamkini ni ya roketi za kawaida. Kitengo cha ujasusi cha Wizara ya Mambo ya Nje nacho kilikataa, na upinzani huo uliandikwa humo humo kwenye ripoti ya siri. Siku tatu baadaye likatolewa toleo la wazi kwa ajili ya umma, na humo upinzani ulikuwa umekonda hadi nusu sentensi: kwamba "baadhi" wanaamini mabomba ni ya silaha za kawaida. Halikusema kuwa hao baadhi ndio wenye fani. Na sehemu kadhaa ambazo toleo la siri lilisema "tunakadiria", toleo la wazi liliondoa neno hilo. Makisio yakasomeka kama taarifa ya mtu aliyekwenda akaona kwa macho yake.

Toleo la siri lilikuwepo kwa wabunge kusoma, chini ya ulinzi. Magazeti yaliripoti baadaye kwamba maseneta waliovuka muhtasari wa kurasa chache wakasoma lote hawakuzidi sita, katika Seneti yenye watu 100. Tarehe 11 Oktoba Seneti ikaidhinisha vita kwa kura 77 dhidi ya 23. Graham, aliyekuwa amesoma, alipiga kura ya kukataa. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba hapa hatuwezi kumlaumu jasusi peke yake. Bunge lilidai ripoti, likaletewa, halafu halikuisoma.

Na kuna ile aibu ya Niger, inayotuhusu sisi Waafrika. Dai kwamba Iraq ilitafuta urani Niger lilihusishwa na nyaraka ambazo Machi 2003 shirika la kimataifa la nishati ya atomiki liliuambia Umoja wa Mataifa kuwa si halisi. Barua mojawapo, ya tarehe ya mwaka 2000, ilikuwa na sahihi ya waziri wa mambo ya nje aliyekuwa ameshaondoka kwenye wadhifa huo tangu 1989. Karani yeyote wa masijala hapa Posta angeirudisha kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka 2004 kamati ya Seneti ilitoa ripoti ya kurasa zaidi ya 500. Ilikuta kwamba hitimisho nyingi kuu zilizidishwa chumvi au hazikuwa na ushahidi wa kuzibeba. Lakini ilisema pia haikupata ushahidi kwamba viongozi waliwalazimisha wachambuzi kubadili maoni. Wajumbe wa upande wa pili wakaambatisha maoni yao: msuluhishi wa CIA, ambaye kazi yake hasa ni kusikiliza malalamiko ya aina hii, aliieleza kamati kwamba namna wachambuzi walivyokuwa wakigongwa kwa maswali yale yale hakuwahi kuiona katika miaka 32 ya utumishi wake.

Nani mkweli hapo? Kwa maoni yangu wote wawili. Shinikizo haliji likiwa limevaa jina lake. Hakuna waziri mwenye akili anayepiga simu kusema "badilisha." Anasema "hebu litazame tena hili." Unalitazama. Kesho anasema tena. Mara ya tano unaanza mwenyewe kuona dalili ambazo jana hukuziona, na ukiulizwa na kamati chini ya kiapo utajibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna aliyekulazimisha.

Nakuambia kwa sababu yamenikuta. Miaka mingi nyuma, kabla sijaanza kufundisha, nilikuwa mchambuzi wa hali ya chakula katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliandika: "Kaya nyingi katika kata tatu huenda zikaishiwa chakula kabla ya mavuno." Rasimu ikarudi na kalamu nyekundu: "Baadhi ya kaya katika maeneo machache zinaweza kukabiliwa na changamoto ya chakula." Ikapanda ngazi nyingine, ikarudi: "Hali ya chakula kwa ujumla ni ya kuridhisha licha ya changamoto chache." Hakuna aliyenitisha. Mkuu wangu aliniagizia chai, akaniuliza habari za watoto, akasema lugha ya kwanza ilikuwa "kali kidogo." Kata tatu zikawa maeneo machache, maeneo machache yakawa hayapo kabisa, na jina langu likabaki pale pale juu ya jalada.

Angalia neno changamoto lilivyofanya kazi. Njaa ni changamoto, daraja kukatika ni changamoto, fedha kupotea ni changamoto. Neno linalomeza kila kitu halimjulishi mtu kitu, na ndiyo maana linapendwa ofisini. Mjumbe wa kamati anayelijua hili ataliwekea alama kila anapolikuta, kisha aulize: katika rasimu ya kwanza hapa paliandikwaje?

Tatizo la maneno haya si letu peke yetu. Mwaka 1951 wachambuzi wa Marekani, Sherman Kent akiwa miongoni mwao, waliandika kuhusu uwezekano wa Yugoslavia kushambuliwa, wakatumia maneno yenye maana ya "uwezekano mkubwa kiasi." Kiongozi mmoja akamuuliza Kent maana yake ni nini hasa. Kent akarudi kwa wenzake walioweka sahihi. Mmoja alimaanisha 80 kwa 100, mwingine 20 kwa 100. Wote walikuwa wameafiki sentensi ile ile! Leo wachambuzi wa Marekani wana jedwali rasmi: neno lao la "inaelekea" limepangiwa asilimia 55 hadi 80. Kiswahili kina utajiri hapa, huenda, labda, pengine, yawezekana, yamkini, inaelekea, lakini hakuna aliyetuwekea mizani. Niliwahi kuwauliza wanafunzi "huenda" ni ngapi kwa 100. Binti mmoja akasema 30. Kijana aliyekaa naye dawati moja akasema 70, wakabishana mpaka kipindi kikaisha.

Kwetu Dar mfano mzuri ninao kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, si kutoka kwa majasusi. Aprili 2021 walitutahadharisha kuhusu kimbunga Jobo. Kikapoa kabla ya kutua, na vijiwe vyote kuanzia Kigamboni hadi Tegeta vikawacheka. Mei 2024 walitoa tahadhari ya kimbunga Hidaya, na safari za boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Hebu jiweke kwenye kiti cha mtabiri anayekumbuka kicheko cha Jobo, na mbele yake ramani ya Hidaya. Anapaswa kuandika kile data inachosema, kana kwamba hajawahi kuchekwa. Kusema uwezekano ni mkubwa na jambo lisitokee si uongo. Kamati isiyolijua hili huwa hatari kuliko waziri, kwa sababu humwadhibu mchambuzi kwa kukosea, na mchambuzi aliyeadhibiwa kwa kukosea haandiki tena chochote kinachoweza kuwa kosa. Ripoti zake zote hujaa "hali inafuatiliwa kwa karibu."

Sasa vyombo. Hapa nitapita haraka, maana sheria za nchi nyingine zinasomeka.

Marekani ilianzisha kamati maalumu za kudumu, Seneti mwaka 1976 na Baraza la Wawakilishi 1977, baada ya uchunguzi wa Seneta Frank Church kuhusu maovu ya vyombo hivyo. Kwa suala lako tukio kubwa ni la 1991. Robert Gates alipopendekezwa kuongoza CIA, wachambuzi walikuja mbele ya kamati, hadharani, wakadai kwamba alipokuwa msimamizi wao alikunja tathmini kuhusu Urusi ya Kisovieti zifuate matakwa ya wakubwa. Wengine wakaja kumtetea. Alipita kwa kura 64 dhidi ya 31, lakini hoja ikabaki kwenye kumbukumbu za Bunge na yeye mwenyewe akalazimika baadaye kulizungumzia suala hilo mbele ya wachambuzi wake. Baada ya Iraq, sheria ya 2004 ilidai awepo mtu maalumu wa kulinda ukweli wa uchambuzi na kupeleka ripoti kwa kamati za Bunge kila mwaka. Tukio la 2025 linakuonyesha kwamba sheria peke yake haimzuii mtu kuondolewa kiti.

Uingereza iliunda kamati yake kwa sheria ya 1994, ikaiongezea nguvu 2013. Afrika Kusini ina kamati ya pamoja ya Bunge na pia mkaguzi mkuu wa ujasusi. Hata hivyo jopo lililoongozwa na Sydney Mufamadi liliripoti kwamba idara yao ya usalama ilikuwa imezama katika siasa za makundi ndani ya chama tawala. Halafu Julai 2021 ghasia zikaua watu zaidi ya 350 huko KwaZulu-Natal na Gauteng, na mawaziri wawili wakabishana mbele ya taifa: wa usalama akisema taarifa za tahadhari zilitolewa, wa polisi akisema hakuziona. Watu wamekufa, na mjadala ni nani alipokea bahasha! Ofisi yoyote yenye daftari la kupokelea barua, lenye safu ya tarehe, saa na sahihi, ingemaliza ubishi huo kwa dakika tano. Ndiyo maana nasema kamati ikague pia safari ya ripoti: ilitoka saa ngapi, ikafika kwa nani, na kama ilisomwa.

Kwetu je? Katiba, Ibara ya 63(2), inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali "na vyombo vyake vyote." Haikusema vyote isipokuwa kimoja. Kamati inayohusika ni ile ya Nje, Ulinzi na Usalama, wenyewe huiita NUU. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ilitungwa 1996, na katika kifungu cha 5 kama ilivyotungwa ilikataza kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki kupinga jambo kwa njia halali. Marekebisho ya 2023 yaliiweka Idara moja kwa moja chini ya Rais. Mkaguzi mkuu wa ujasusi anayeripoti bungeni, kama wa Afrika Kusini, hatuna.

Kwa hiyo NUU inaweza kukaa faragha, inaweza kuuliza, inapitia makadirio ya fedha. Kinachokosekana ni desturi ya kuomba rasimu. Na usiseme wabunge wetu hawawezi kufuata karatasi. Kamati teule ya 2007 kuhusu zabuni ya umeme wa dharura ya Richmond ilipekua nyaraka hadi Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Zilikuwa karatasi za zabuni, si za siri ya taifa, najua. Lakini ufundi ni ule ule.

Kuna jambo moja dogo ambalo mbunge yeyote anaweza kulianza bila sheria mpya. Tumezoea tangazo la polisi la kuzuia mkutano "kwa mujibu wa taarifa za kiintelijensia." Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023, na tangazo la namna hiyo tulilisikia mara nyingi. Baada ya maneno hayo mjadala hufungwa. Mbunge anaweza kuuliza katika kikao cha faragha: tathmini hiyo ya kiintelijensia iliandikwa kabla ya uamuzi wa kuzuia, au baada yake? Hahitaji kujua chanzo wala jina la mtu. Tarehe mbili tu zinamtosha.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: rasimu zikiwa zinatazamwa na wabunge, wachambuzi wataogopa kubishana kwa maandishi, watahamia kunong'ona koridoni. Ndiyo maana nadhani zisomwe baada ya ripoti kutoka, faragha, chache zilizochaguliwa na kamati yenyewe, na kwa masuala mazito pekee. Na wajumbe wasome wenyewe, wasiletewe muhtasari ulioandikwa na ofisi ile ile inayokaguliwa.

Sasa wewe, mdogo wangu wa Tabata. Hukusema, lakini mtakwimu haulizi maswali haya bure. Usipeleke chochote kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa rafiki. Sheria ya takwimu ina makali yake, na ile ya kuwalinda watoa taarifa, ya 2015, inakutaka ufuate njia. Fanya hivi: kila rasimu iwe na tarehe na namba. Wakikubadilishia takwimu, andika dokezo fupi kwenye jalada, sentensi mbili za adabu: nilipendekeza hivi kwa sababu hizi, imeelekezwa vile. Lipe namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Halafu endelea na kazi.

Mimi ile ya kata tatu sikuiandikia dokezo. Niliona haya, kwa kuwa nilikuwa nimeshakunywa chai yake. Aliyelifungua jalada lile baadaye alikuta rasimu moja tu, ya mwisho, na sahihi yangu chini.